Fremu ya Ngozini

Kitu kisichohesabiwa, kipo? Swali hilo lilimkaa Mwalimu Mwajabu kooni tangu alipoamka, halimezeki, halitemeki. Alipanda nalo ngazi za Kichwani, goti la kushoto likimlalamikia kila hatua, na kila alipotua kupumzika swali nalo lilitua, likamngojea, likapanda naye tena. Alikuwa amefundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja. Alikwisha kuulizwa kwa nini samaki hasinzii, kwa nini mtu hapumui kwa makusudi akiwa usingizini, kwa nini mkia wa mjusi unacheza baada ya kukatika. Yote aliyajibu, mengine kwa kubahatisha. Hili la kuhesabiwa hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza, na pengine ndiyo maana lilikuwa limemwotea pembeni muda wote huo.

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo zamani, lakini mwaka ambao Kamati iliamua kwamba mji ni mwili, jina likafutwa na kata zikaitwa kwa viungo. Juu kabisa, penye upepo na miti, ni Kichwani, wanakokaa Kamati na jamaa zao. Chini yake Moyoni, penye soko. Kisha Inini, Figoni penye tangi la maji, Magotini kwa mafundi na wachukuzi. Na kuzunguka mji mzima, nje, panapopigwa na jua na vumbi, ni Ngozini. Watu walicheka walipoyasikia majina hayo mara ya kwanza, wakataniana kwa wiki nzima. Baadaye wakazoea, na mtu akizoea jina la mahali anapoishi hukaa kama jina linavyomwambia akae.

Ngozini ndiko alikokuwa Chausiku, binti yake wa pekee. Maji ya bomba hayakuwa yamefika huko mwaka wa tatu sasa, na waliobaki walikinga mvua kwenye mapipa. Majirani walikuwa wamehama au wamekufa, na wengine ilikuwa vigumu kujua ni lipi kati ya hayo mawili limewapata. Mwajabu alikuwa amemwomba binti yake ahamie kwake Inini, amemwomba kwa upole, kwa ukali, na mara moja kwa magoti. Chausiku alimjibu neno lile lile kila mara: "Mama, nikiondoka mimi Ngozini haipo tena." Kila asubuhi aliwasha moto wa majani mabichi ili moshi uonekane mjini. Moshi wa jana ulikuwa mwembamba kama uzi, na leo asubuhi Mwajabu alisimama kibarazani kwake mpaka shingo ikamuuma na hakuona moshi wowote.

Kumpelekea maji haikuwezekana. Kati ya kata na kata pana vizuizi, vinaitwa viungio, na walinzi wa viungioni humwaga chini maji yoyote anayobeba mtu, hata yaliyo kwenye chupa ya mtoto. Wanamwaga kwa adabu, wakiomba radhi. Mwajabu alikwisha kumwagiwa mara sita, na mara ya sita mlinzi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akamwamkia kabisa huku akimwaga.

Basi alikuwa anapanda Kichwani kwa sababu ilikuwa Siku ya Marudio. Ni desturi ya mji ule: mara moja kwa mwaka, kabla ya kutupwa Fremu inayogawa maji ya mwaka, Kamati nzima huketi kwenye madawati ya shule ya zamani na kurudiwa masomo ya baiolojia, kuanzia mwili unavyojirekebisha hadi viumbe wanavyoishi pamoja na mazingira yao. Wanasema mwenye kutawala mwili sharti aujue mwili. Mwalimu akimaliza huulizwa ombi lake, moja tu, na halikataliwi. Miaka yote Mwajabu alikuwa ameomba chaki. Alipewa, na zilitosha.

Darasa lilikuwa lile lile. Tarehe ubaoni haikuwahi kufutwa, ni Jumatano ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka, na saa ya ukutani ilifuata saa ya mkononi ya yeyote aliyeingia kwanza. Kengele ilipogongwa jambo lilitokea ambalo hutokea kila mwaka na hakuna anayelisema: wanakamati kumi na wawili, wenye vitambi na mvi, walipoketi kwenye madawati walianza kuonekana wanafunzi, wenye kaptula na magoti yaliyochubuka, kisha wakawa wazee tena, kisha wanafunzi. Mwajabu mwenyewe alijiona mikono. Ilikuwa ya mwanamke wa miaka ishirini na sita, haina mishipa iliyovimba. Alipokohoa ikazeeka. Alishukuru, kwa kuwa ile mikono ya ujana alikuwa na sababu ya kuiogopa.

"Shikamoo, Mwalimu!" darasa zima lilisimama.

"Marahaba. Kaeni."

Dawati la mbele alikaa Masumbuko, mwenyekiti wa Kamati, mwanafunzi wake bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kumsikiliza anayesema mpaka mwisho, na ndiyo maana alitisha. Nyuma yake, pembeni, alikaa karani Felista na daftari kubwa lenye jedwali la safu kumi, bado tupu.

"Tuanze na kujirekebisha," Mwajabu alisema. "Mwili hauna raha ya kudumu, jamani. Muda wote unapotea njia na muda wote unajirudisha. Sukari ikizidi kwenye damu, kongosho linatoa insulini na sukari inashuka. Ikipungua, linatoa kitu kingine na sukari inapanda. Maji yakizidi, figo zinayaachia. Yakipungua, figo zinayashika na mkojo unakuwa mchache. Hakuna kiungo kinachotoa amri halafu kisisikie majibu yake. Chochote kinachopanda lazima kimkute wa kukishusha. Mwili ambao habari za ngozi hazifiki kichwani huo si mzima. Huo unaelekea kufa, hata kama kichwa chenyewe kinajisikia vizuri."

Alisema hivyo akawatazama. Waliandika. Hilo ndilo lililomchosha kwa miaka yote hiyo: waliandika kila kitu.

Masumbuko alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Ulitufundisha pia kwamba mwili ukibanwa huondoa damu ngozini. Mishipa ya ngozi inasinyaa, damu inarudi ndani kuulinda moyo, ini na ubongo. Vidole vinaweza kufa, mtu akapona. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi Kamati ndivyo inavyofanya. Maji ni machache. Tumeyarudisha ndani."

Mwajabu aliiona hila ya hoja ile, aliiona vizuri, na kwa sekunde moja alijivunia mtoto aliyeijenga. Kisha akajichukia kwa kujivunia.

"Masumbuko, hiyo ni baridi," alisema. "Umenikariri nusu ya ukurasa. Damu hukimbia ngozi wakati wa baridi. Wakati wa joto ni kinyume chake: mishipa ya ngozi inatanuka, damu inakwenda nje, jasho linatoka, mwili unapoa. Hebu niambie, mji huu una baridi au una joto? Nani hapa ametokwa na jasho mwaka huu? Jishikeni mapaji."

Walijishika. Yalikuwa makavu na ya moto. Mjumbe mmoja aliangalia kiganja chake kwa muda mrefu, kisha akakifuta kwenye suruali ingawa hakikuwa na kitu.

Joto. Ndiyo, joto. Linapanda na hakuna wa kulishusha. Mliizima ngozi, sasa mnaungua ndani kwa ndani na mnaita kuungua huko ulinzi. Alitaka kuyasema hayo yote kwa sauti. Hakuyasema. Mwalimu aliyemo ndani yake alikuwa bado na mada kadhaa za kumaliza, na mazoea ya ratiba ni kitu kibaya sana, kwa sababu humfanya mtu aendelee na mada ya pili wakati nyumba inawaka.

Akaendelea basi. Alipita kwenye chakula na mmeng'enyo, alipita kwenye upumuaji, akachora jani na kueleza linavyopika chakula chake kwa mwanga. Alichora utando wa ulaji: majani, panzi, chura, nyoka, mwewe. Akaeleza kwamba kila anayekula anapata sehemu ndogo tu ya kile alichokula aliyeliwa, kingine chote kinapotea kwa joto, kwa hiyo majani lazima yawe mengi sana ili mwewe mmoja aruke. Akaeleza waozeshaji, funza na ukungu na vijidudu visivyoonekana, wanaokula kilichokufa na kukirudisha udongoni. "Na maji," alisema, "ni yale yale. Hakuna tone jipya. Uliyokunywa leo yalikuwa kwenye mwili wa mwingine, na ukipewa ya ziada, kuna aliyeyakosa. Mazingira hayana ghala la pembeni."

Alipofika mada ya mwisho chaki ilimkatikia mkononi.

Mada ya mwisho ilikuwa Fremu.

Huwezi kuhesabu kila jani kwenye uwanja. Kwa hiyo unachukua fremu ya mbao, mita kwa mita, unatupa, inapotua unahesabu viumbe waliomo ndani. Unatupa tena. Mara kumi. Unapata wastani, unauzidisha, unapata makadirio ya uwanja mzima. Ni njia nzuri ikifanywa kwa haki, maana kinachohesabiwa kinasema kwa niaba ya kisichohesabiwa. Mji ule uliichukua njia hiyo ukaifanya sheria, isipokuwa wastani hawakuuhitaji. Jedwali la mitupo kumi, mahali na idadi, ndilo lililogawa maji ya mwaka. Kata iliyomo kwenye jedwali ilipata maji kulingana na watu wake. Kata isiyokuwemo haikupata. Na kwa miaka mitatu Fremu ilikuwa imetua Kichwani, kwenye bustani, siku ambayo bustani ina sherehe, na safu tisa zilizobaki zilijazwa mezani kwa kata za ndani, Ngozini isitajwe.

Haikuwa bahati. Kamati haikutupa. Ilibeba Fremu na kuiweka.

Mwajabu aligeuka akalitazama darasa. Wote kumi na wawili walikuwa wanafunzi sasa, kaptula, soksi zilizolegea, na mikono yake ilikuwa tena ya miaka ishirini na sita. Alijua siku ile. Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo, wanafunzi themanini na wawili, fremu moja, saa moja na nusu, na msimamizi kutoka nje anatazama saa yake. Mtoto Masumbuko alikuwa ametupa fremu kama kitabu kinavyosema, mgongo ukiwa umegeukia uwanja, fremu ikapita juu ya bega lake, ikatua kwenye mchanga mtupu. Hapakuwa na jani hata moja. Mtoto akamtazama mwalimu wake kwa hofu. Na yeye, Mwajabu, kijana, mwenye haraka, mwenye kuwapenda watoto wale na kutaka wafaulu, alimwendea akamnong'oneza, kisha akawanong'oneza na wenzake.

"Semeni nilichowaambia," alisema sasa.

Walijibu kwa pamoja, kwa sauti ya darasa, ile ya kuimba: "Wekeni penye majani mengi, mpate cha kuhesabu!"

"Na kingine?"

"Mtupo mmoja unatosha! Tisa zilizobaki jazeni wenyewe!"

Mwajabu alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Alikuwa ameishi na sentensi hizo mbili kama mtu anavyoishi na jino bovu, analizungushia ulimi bila kulitaja. Walimu wote walifanya hivyo. Wanafunzi wote walijaza majedwali. Namba tisa za kubuni, zinazotofautiana kidogo ili zisitiliwe shaka, sita, nane, saba, sita, tisa. Nani aliyeumia? Ni majani tu. Wote walifaulu mwaka ule, na Masumbuko alipata alama zote. Ndiyo, ndiyo. Nani angejua kwamba mtoto ataikumbuka siku hiyo kuliko siku nyingine zote, na kwamba akikua, badala ya majani, ataweka watu?

"Nilikosea," alisema. "Sikilizeni. Kalamu chini. Nilikosea mimi, siku ile, na ninyi mmelibeba kosa langu mkalifanya mji. Sikuwafundisha kuhesabu. Niliwafundisha kuona mnachotaka kukiona."

Hakuna aliyeandika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na mmoja.

Masumbuko, mzee tena, alisimama taratibu. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na huruma, na huruma ile ilimchoma Mwajabu kuliko kofi. "Tunakushukuru kwa marudio, Mwalimu. Ombi lako ni nini? Chaki?"

"Nataka kuitupa Fremu mimi."

Wajumbe walinong'ona. Desturi ni desturi, ombi la Siku ya Marudio halikataliwi, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwalimu anaweza kuomba kitu kisichokuwa chaki. Masumbuko aliinamisha kichwa. "Sawa. Mtupo mmoja, Mwalimu. Kama ulivyotufundisha."

Walitoka hadi ukingo wa Kichwani, unakouona mji wote hadi Ngozini. Fremu ilikuwa nyepesi mkononi, mita kwa mita, mbao zimelainika kwa kushikwa. Lakini ikiachiwa hewani hupanuka, na ikitua inafunika kiwanja kizima cha nyumba. Mwajabu aliupa mji mgongo. Alifumba macho. Moyoni alisema, Ngozini, Ngozini, tafadhali, kisha akajizuia, kwa sababu kuomba nako ni namna ya kuweka. Akaitupa juu ya bega.

Ilitua kwenye mto mkavu pembezoni mwa Magotini. Waliteremka wote kwenda kuitazama, yeye na Masumbuko na Felista mbele, Kamati nyuma na miavuli yao. Ndani ya Fremu palikuwa na mawe. Hapakuwa hata na sisimizi.

"Sifuri," Felista alisema, akaandika.

"Basi," Masumbuko alisema. "Tisa zilizobaki tutazijaza."

"Hamjazi!" Mwajabu aliinyakua Fremu. Ikasinyaa mkononi mwake ikawa mita kwa mita. "Mara kumi ni mara kumi. Unaniachia mtupo mmoja kwa sababu mimi ndiye niliyekupa huo mmoja. Leo nakunyang'anya."

Alikuwa mwalimu wake. Labda ndiyo sababu pekee iliyomfanya Masumbuko arudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kama anayengoja kuambiwa aende nje akapige magoti.

Mtupo wa pili ulitua Magotini, kwenye karakana za mafundi, penye kengele inayolia maadamu maji yanatiririka bombani. Felista alihesabu watu arobaini na watatu, pamoja na mama mmoja aliyekuwa amejifungua asubuhi hiyo na mtoto ambaye hakuwa na jina. "Naye nimwandike?" Felista aliuliza. "Hana hata siku moja."

"Analia?" Mwajabu alisema.

"Analia."

"Mwandike."

Mtupo wa tatu ulitua jalalani, nyuma ya soko la Moyoni. Kunguru, nzi, funza wanaochemka chini ya maganda, ukungu mweupe juu ya mkate. Mtu hakuwemo. Felista alisita, kalamu juu. Jedwali lilikuwa la watu tu. Mwajabu alisimama pale akiwatazama funza kwa muda mrefu, na Kamati ilishika pua. Alikuwa anafikiri kwamba hawa ndio wanaofanya kazi ya mji mzima na hakuna aliyewahi kuwapa maji. Wanakula tulichoharibu na kukirudisha kikiwa kizuri. Kama mji ni mwili, hawa ni nani ndani yake? Jua lilikuwa linapanda. "Andika sifuri," alisema, na neno lilimwuma.

Mtupo wa nne aliutupa kwa mkono uliochoka. Fremu ilizunguka, ikaelea, ikachukuliwa na upepo wa moto, na alipofumbua macho na kugeuka aliona inashuka mbali kabisa, nje, kwenye vumbi. Kelele ilimtoka ambayo hakuitambua kuwa yake. Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, goti bovu, alikimbia kupita viungio vyote, na walinzi hawakumzuia kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu.

Fremu ilikuwa imetua juu ya kiwanja cha Chausiku. Iligusa pembe nne za uwanja. Ndani palikuwa na mafiga na majivu baridi, pipa lililolazwa, viatu vya majirani vilivyopangwa ukutani jozi kwa jozi kama wenyewe wameingia ndani kula. Na karibu na mlango, kivulini, alilala Chausiku. Midomo ilikuwa imepasuka. Mwajabu alimbana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, haikurudi. Alijua maana yake. Alikuwa ameifundisha.

"Chausiku. Mwanangu. Chausiku!"

Macho yalifunguka kidogo.

Masumbuko na Felista walifika wakihema. Felista alipita uwanjani akihesabu, akachungulia chumba cha kwanza, cha pili, nyumba ya jirani iliyoingia ndani ya Fremu, akarudi. Alikuwa amefunika mdomo kwa khanga.

"Mtu mmoja, Mwalimu," alisema. "Hai."

"Amehesabiwa," Mwajabu alisema. "Ngozini imo kwenye jedwali. Fungueni maji."

Masumbuko alichuchumaa karibu naye. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, ya mtu anayetaka uelewe. "Mwalimu, koki ya Ngozini haifunguliwi kwa mtu mmoja. Bomba ni refu na kavu, litayanywa yote njiani. Sheria ni kuanzia arobaini. Na mitupo imebaki sita. Ukiitupa kwa haki, ikirudi Ngozini ni kwa bahati, na tukirudi hapa tutamkuta huyu huyu mmoja. Au hatutamkuta." Akamtupia jicho karani. Kisha, kwa upole kabisa: "Felista ana kalamu. Unajua inavyofanywa."

Mwajabu aliona alipofikishwa. Hakuwa amesukumwa, alikuwa ametembea mwenyewe kwa miguu yake. Nikisema arobaini, nimerudi kwenye uwanja wa mtihani ule na nimemnong'oneza tena. Nikisema mmoja, nimesema kweli, na kweli yangu itamzika mwanangu mchana huu huu, kwa jedwali safi. Asubuhi nzima nimewatubia. Mbele ya darasa. Nilitubu wakati hakuna kilichokuwa kinanibana.

"Yatatoka wapi?" aliuliza. "Maji ya arobaini."

"Tangi ni lile lile, Mwalimu. Tutapunguza mahali. Magotini, labda. Wao ni arobaini na watatu. Nikuambie ni nyumba zipi?"

"Usiniambie."

Chausiku alikuwa anasikia. Alijaribu kunyanyua mkono, ukaanguka. Sauti yake ilitoka kavu, ya kukwaruza, neno baada ya neno. "Mama. Nimekaa hapa… ili nihesabiwe. Mmoja. Mwambie aandike mmoja."

"Nyamaza, mwanangu."

"Wengine hawapo, Mama. Usiwa… usiwaandike wasiokuwepo. Niliwapangia viatu. Nawajua."

"Nyamaza, nimesema!" Mwajabu alimziba mdomo kwa kiganja, taratibu, na midomo ile iliyopasuka ilikwaruza ngozi yake. Hakumtazama Masumbuko. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Felista, ambaye machozi yalikuwa yanamlengalenga na kalamu iko tayari.

"Andika arobaini," alisema.

Felista akaandika.

Maji yalifika baada ya saa moja, kwanza upepo, kisha vumbi, kisha matope mekundu, kisha maji yenyewe, mengi mno, yakafurika kwenye pipa lililolazwa, yakatambaa uwanjani kati ya viatu vya majirani na kuvifanya vielee. Mwajabu alimlaza Chausiku kichwa mapajani, akachota kwa kiganja, akamdondoshea mdomoni kidogo kidogo asipaliwe. Chausiku alifunga midomo. Akageuza uso. Mama yake akamshika taya kama anavyoshikwa mtoto mdogo anayekataa dawa, akamfungua kinywa, akamimina. Koo lilikataa, kisha likameza, maana koo halijui maji ni ya nani.

Huko Magotini kengele ya karakana iliacha kulia. Mwajabu aliisikia ikiacha. Aliona aibu iliyomfika mpaka kwenye mifupa, na hakuacha kumnywesha.